Tarehe ya Kuzaliwa Haiuzwi: Sheria za Umri, Kipaji cha Kijana na Wajibu Wetu

Mama mmoja alifika katika ofisi ya parokia, hapa Tunduma, mchana wa siku ya kazi, mwanawe wa kiume akimfuata nyuma. Tulisalimiana kwa Tumsifu Yesu Kristo, akaketi, akaweka mezani cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne. Alichoomba kilikuwa kidogo machoni pake: mwaka wa kuzaliwa wa kijana uandikwe upya, usogezwe mbele miaka miwili. Kijana alikuwa amealikwa kwenye majaribio ya timu ya vijana wasiozidi miaka 17, naye alikwisha kutimiza 18. "Padre, ni tarakimu moja tu," alisema. "Tarakimu hiyo moja inaweza kututoa katika nyumba ya kupanga."

Kijana hakusema neno. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Hatukuibadili tarakimu ile, wala hatukuwa na mamlaka ya kuibadili. Kitabu cha Ubatizo si mali ya paroko. Ni kumbukumbu ya Kanisa, na Sheria ya Kanisa inaagiza viandikwe humo, pamoja na majina ya mbatizwa, ya wazazi na ya wasimamizi, mahali na tarehe ya kuzaliwa kwake. Kughushi hati ya Kanisa ni kosa ambalo Sheria hiyohiyo inaliwekea adhabu. Hata hivyo, mama yule hakuletwa kwetu na uovu. Aliletwa na kodi ya nyumba. Neno "hapana" peke yake lingekuwa jibu sahihi ambalo lisingemfaa kitu.

Ndiyo maana tumeona vema kulitafakari jambo hili hadharani. Katika mji wa mpakani kama wetu, ambako kila siku vijana wanaona malori yakielekea Zambia na Kongo, tamaa ya kuondoka mapema si jambo la ajabu. Maswali ni mawili. Je, ni haki kumzuia kijana mwenye kipaji asikiuze kipaji hicho kabla ya umri fulani? Na akisubiri, ni nani anayefaidika na kusubiri kwake?

Kijana wa Dar es Salaam aliyefika NBA

Tuanze mbali kidogo na nyumbani, katika mpira wa kikapu wa Marekani, kwa sababu huko mjadala huu umepiganwa kwa uwazi na kwa fedha nyingi, na kwa sababu mmoja wa waliopita katika njia hiyo ni Mtanzania. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, wakati ambapo wenzake wa Marekani huwa wamekwisha kuucheza tangu utotoni. Urefu wake, zaidi ya mita mbili na sentimita 20, ulimfungulia njia ya kwenda kumalizia sekondari katika jiji la Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut.

Alicheza huko misimu mitatu. Mwaka 2008, na tena mwaka 2009, alitajwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi ya vyuo ya Big East, na katika msimu huo wa mwisho chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa. Akiwa amebakiza mwaka mmoja wa kuchezea chuo, aliamua kuingia katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mwezi Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika orodha nzima, akawa Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi ile. Miongoni mwa waliochaguliwa nyuma yake siku hiyo walikuwamo James Harden na Stephen Curry.

Yaliyofuata hayakulingana na matarajio. Msimu wa kwanza haukwisha kabla hajapelekwa kwa muda katika ligi ya chini ili apate nafasi ya kucheza. Kisha alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na kufikia mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imefika mwisho. Baadaye aliendelea na mchezo huo huko Japani na Taiwan.

Hatumlaumu ndugu yetu huyu. Alikuwa na miaka 22, sheria ilimruhusu, na mlango alioufungua haujafungwa. Tunachojifunza kwake ni kwamba sheria ya umri hupima kalenda, haipimi ukomavu. Mtu anaweza kuivuka sheria bila kosa lolote na bado akawa anahitaji muda zaidi wa kujengwa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anaijua hekima hiyo: matunda ya tawi moja hayaivi siku moja, na anayeyachuma yote kwa pamoja, mabichi na mabivu, huiharibu bei ya gunia zima.

Sheria ya kusubiri na mkate wa kusubiria

Sheria yenyewe ya NBA ina historia inayotufundisha. Zamani ligi hiyo haikumpokea mchezaji kabla ya kupita miaka minne tangu amalize sekondari. Mchezaji aitwaye Spencer Haywood aliipinga kanuni hiyo mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi uliomruhusu kucheza. Taratibu mlango ukapanuka. Kevin Garnett mwaka 1995, Kobe Bryant mwaka 1996 na LeBron James mwaka 2003 waliingia ligi ya kulipwa moja kwa moja kutoka sekondari. Hao tunawakumbuka. Waliojaribu kuruka kama wao wakaanguka, ni wachache wanaokumbuka majina yao.

Mwaka 2005 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka kizuizi kipya: mchezaji awe na umri wa kutimiza miaka 19 ndani ya mwaka wa uteuzi, na aliyesoma Marekani awe amepitisha angalau mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Kwa maneno ilikuwa sheria ya kumlinda kijana. Wakosoaji wake, ambao hawakukosa hoja, waliuliza inamlinda nani hasa. Klabu zilipata mwaka mmoja zaidi wa kumchunguza kijana kabla ya kumlipa. Vyuo vilipata mwaka wa kuuza tiketi na haki za televisheni kwa jina lake. Yeye alipata ada, chumba na chakula, akakatazwa kupokea hata senti itokanayo na jina lake mwenyewe. Haishangazi kwamba wengi walikaa chuoni mwaka mmoja tu, wakaondoka.

Mabadiliko yalikuja polepole. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kupokea malipo kwa matumizi ya majina na sura zao. Mwezi Juni 2025 mahakama iliridhia makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato moja kwa moja. Na tazama kilichotokea: sheria ya umri haikuongezwa hata mwaka mmoja, lakini idadi ya vijana wanaokimbilia uteuzi mapema imeshuka sana. Kijana alipopata riziki pale alipo, aliacha kukimbia.

Hatuutaji mfano huu ili kuusifu utajiri wa Marekani, wala kusema kwamba kila kitu lazima kilipwe. Fedha hizo nazo zina majaribu yake. Tunautaja kwa sababu unadhihirisha jambo ambalo maadili ya Kanisa yamelishika daima: mzigo hauwi wa haki kwa sababu tu una lengo jema. Anayemtaka mtoto asubiri ana wajibu wa kumsaidia kusubiri.

Serengeti Boys: sheria iliyotuadhibu ndiyo iliyotutetea

Sasa turudi nyumbani, kwenye mpira wa miguu, mchezo ambao vijana wa Songwe wengi wanauota. Hapa kwetu tatizo kubwa si kijana kuondoka chuoni mapema. Ni kijana kupewa umri usio wake.

Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana wasiozidi miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kufuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia. Ilienguliwa kabla ya fainali kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Kizazi kizima cha vijana waliosema kweli kuhusu umri wao kilipoteza nafasi yake kwa sababu ya tarehe moja.

Miaka kumi na mbili baadaye sheria hiyohiyo ilitutetea. Katika kufuzu fainali za mwaka 2017, vijana wetu waliwashinda Kongo Brazzaville mabao 3 kwa 2 nyumbani, wakafungwa bao 1 kwa 0 ugenini, wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Tanzania ilikata rufaa ikihoji umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Shirikisho la Afrika liliagiza mchezaji huyo apimwe, hakufika kwenye kipimo, na Kongo ikaondolewa. Serengeti Boys wakaenda Gabon. Wengi wetu tulishangilia. Tulikumbuka, je, kwamba tulikuwa tunaishangilia sheria ileile tuliyoinung'unikia mwaka 2005?

Kipimo chenyewe tukieleze kwa ufupi, kwa kuwa uvumi mwingi umezushwa juu yake. Ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto una sehemu laini ya kukulia, ambayo huungana na kuwa mfupa mmoja ujana unapokomaa. Ikionekana imeungana kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009 huko Nigeria. Tarakimu katika cheti inaweza kubadilishwa kwa kalamu. Mfupa haubadilishwi.

Na tusidhani kwamba ukweli humnyima Mtanzania ushindi. Mwaka 2022 wasichana wetu, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 17 huko India, wakawafunga Ufaransa na kufika robo fainali. Walikuwa timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la ngazi yoyote.

Mpaka wetu na kilomita 50

Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho zina kifungu ambacho kila mzazi wa Tunduma angepaswa kukifahamu. Mchezaji asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine. Lengo ni kuwakinga watoto dhidi ya wale wanaowasafirisha kwa ahadi za majaribio, kisha kuwatelekeza katika miji ya ugenini bila nauli ya kurudi. Kanuni hiyo ina misamaha michache, na mmoja wake unatuhusu sisi kana kwamba uliandikwa kwenye daraja la mizani la hapa mjini. Kijana anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo nayo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huohuo, mradi umbali kati ya nyumbani kwake na klabu usizidi kilomita 100, na mashirikisho ya nchi zote mbili yaridhie.

Maana yake ni kwamba mtoto wa Tunduma anaweza, kwa idhini hizo, kuchezea klabu ya Nakonde. Lakini kanuni inaongeza sharti moja: aendelee kuishi nyumbani kwao. Acheze ng'ambo, jioni arudi alale kwa wazazi wake. Hata waandishi wa kanuni za soka, ambao hawakuwa wakiandika katekisimu, walitambua kwamba familia ni ukuta wa kwanza wa mtoto.

Hapa ndipo tulipomwonyesha mama yule jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Mwanawe ana miaka 18. Kwa umri wake wa kweli anaweza kusaini mkataba kwa mkono wake, kwa kuwa sheria za nchi yetu zinamhesabu mtu mzima. Klabu ya Zambia au ya nchi nyingine ikimtaka kesho, kizuizi cha umri hakimhusu tena. Tarakimu ile moja ingemrudisha kuwa mtoto wa miaka 16, na kumfungia mlango wa nje kwa miaka miwili zaidi. Tena ingegongana na kumbukumbu za shule, na vyeti vya mitihani, na kitambulisho cha taifa. Uongo wa umri hauishii siku ya majaribio. Mtu huolewa nao, huajiriwa nao, hustaafu nao.

Mfano wa subira ya halali tunao, na umepitia njia tunayoijua. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mji uleule ambao malori mengi yanayosimama hapa kwetu yanaelekea. Hakukimbilia Ulaya. Alikaa huko karibu miaka mitano, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na miaka minne baadaye akafika Aston Villa ya Uingereza. Kelvin John naye, aliyevuma na Serengeti Boys mwaka 2019, alipelekwa kwanza shule huko Uingereza, akasaini na Genk mwaka 2021 alipokuwa ametimiza miaka 18. Vijana hawa wawili hawakuchelewa.

Kanisa nalo husubirisha

Msomaji anaweza kutuuliza: ninyi mapadre mnaufahamu wapi uchungu wa kusubiri? Tunaufahamu. Kanisa linazo sheria zake za umri, na hazina upole kuliko za michezo. Hakuna anayepokelewa unovisi kihalali kabla ya kutimiza miaka 17, wala kuweka nadhiri za kwanza kabla ya 18. Upadrisho hautolewi kabla ya miaka 25. Wengi wetu tuliingia seminari ndogo tukiwa watoto wenye hakika kwamba tuko tayari. Hatukuwa tayari, na waliotuzuia hawakutuchukia.

Lakini tuseme ukweli wote. Tulisubiri tukiwa tunakula. Ugali na maharage ya seminari yalilipiwa na sadaka za waamini ambao hata majina yao hatukuyajua. Kanisa lilitutaka tungoje, na likabeba gharama za kungoja kwetu. Kama tungeambiwa tusubiri huku tumbo likiwa tupu na wadogo zetu wakiwa nyumbani bila sare, wangapi wetu wangeifikia altare?

Injili ya Luka inatuonyesha Mtoto wa miaka 12 aliyewashangaza waalimu hekaluni. Kipaji kilikuwa wazi, hadhira ilikuwapo, na mji mkuu ulikuwa tayari kumsikiliza. Hata hivyo alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Alipoanza utume wake alikuwa na umri wa miaka kama 30. Ile miaka ya karakana na meza ya nyumbani ilikuwa sehemu ya wokovu wetu. Kitabu cha Mwanzo, kwa upande mwingine, kinatuonyesha Esau akirudi kutoka porini, amechoka, na kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha siku moja. Kwa kawaida tunamlaumu Esau kwa tamaa yake. Tusisahau kumtazama pia aliyekuwa na chungu jikoni, akaona njaa ya ndugu yake kuwa nafasi ya biashara.

Mwaka 2018 Vatikano, kupitia Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha, ilitoa waraka wa kwanza wa aina yake kuhusu michezo na utu wa binadamu. Waraka huo unaitazama michezo kwa matumaini, na wakati huohuo unaonya dhidi ya michezo inayougeuza mwili wa mwanadamu kuwa chombo cha faida. Onyo hilo linamhusu rais wa klabu kubwa. Linamhusu pia mjomba anayehesabu fedha za usajili kabla mtoto hajamaliza Kidato cha Pili.

Tufanye nini?

Kwanza, kuhusu kumbukumbu. Mwaka 2013 mpango wa kuwasajili na kuwapa vyeti vya kuzaliwa watoto wa chini ya miaka mitano ulizinduliwa mkoani Mbeya, wakati Songwe ikiwa bado sehemu ya mkoa huo. Watoto wa wakati ule ndio vijana wa leo wanaobisha hodi kwenye timu za wasiozidi 17. Wapo walioandikishwa, na wapo walioachwa. Wazazi ambao watoto wao hawana cheti cha RITA wasingoje msimu wa majaribio. Cheti cha ubatizo huweza kusaidia kuthibitisha umri kwa anayechelewa kujisajili, na ndiyo sababu lazima kiwe cha kweli. Cheti kimoja cha parokia kikighushiwa, vyeti vyote vya parokia hiyo hupoteza heshima, hata cha mjane anayekihitaji kuthibitisha mirathi ya wanawe.

Pili, kuhusu mikataba. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na mzazi ana haki ya kuomba kuiona. Kwa kijana aliye chini ya umri, wakala hapaswi hata kumkaribia isipokuwa katika miezi sita ya mwisho kabla ya umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mlezi. Mkataba wa mchezaji asiyetimiza miaka 18 haupaswi kuzidi miaka mitatu. Anayedai ada ya majaribio kwa njia ya simu, anayetaka mkataba usainiwe usiku uleule, au anayesema kwamba shule si muhimu, muoneni kama mlivyomuona yule aliyekuwa na chungu jikoni.

Tatu, makocha na viongozi wa timu za mitaani. Tunawaheshimu; wengi wenu mnafundisha bila mshahara, kwa mipira miwili na uwanja wa vumbi. Jueni kwamba ukweli wa umri ni mali yenu pia. Mchezaji akiuzwa baadaye kwa klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 23, kwa kadiri ya kumbukumbu za usajili. Timu ndogo iliyomwandika kijana wake kwa ukweli ina cha kudai. Timu iliyobadilisha jina au tarehe yake imejifutia haki yake kwa mkono wake.

Nne, na hili linatuhusu sisi sote: mkate wa kusubiria. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari hadi Kidato cha Nne kuanzia mwaka 2016, na Kidato cha Tano na Sita mwaka 2022. Tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi shuleni umefunguliwa hata kwa waliokatisha masomo, wakiwamo mabinti waliopata ujauzito. Tunashukuru. Lakini ada si njaa. Kijana anayejua kwamba akibeba mizigo mpakani asubuhi atapata fedha ya chakula cha familia, huku akienda shule atarudi saa kumi bila kula, hawezi kuhubiriwa subira na mtu aliyeshiba. Parokia zetu, kupitia jumuiya ndogondogo, WAWATA, UWAKA na VIWAWA, huchanga mamilioni kwa ajili ya jubilei na sherehe. Kila jumuiya ikichukua dhamana ya chakula cha mchana shuleni kwa watoto wawili walio hatarini kuacha masomo, tutakuwa tumefanya kitu ambacho mahubiri yetu peke yake hayawezi kukifanya.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mwili wa mwanamichezo hauna subira, maana miaka yake ya nguvu ni michache, na goti likivunjika nafasi hairudi. Ni kweli, na kwa baadhi ya vijana kuondoka wakiwa na miaka 18 ndilo jambo la busara. Hatusemi kwamba kila kipaji kifungiwe ndani ya madarasa. Tunasema kwamba aondoke kwa jina lake na kwa umri wake, akiwa na kitu kichwani cha kumtunza goti litakapovunjika, na akijua kwamba akirudi bila mkataba bado ni mtoto wa nyumba hii.

Mama yule alikunja tena cheti chake. Hakuondoka na furaha, na tusingependa kudanganya juu ya hilo. Siku chache baadaye wanajumuiya wake walikutana, wakasaidia kodi ya miezi miwili. Kijana alikosa majaribio yale. Anafanya mazoezi na timu ya watu wazima ya mjini, ambako umri wake hauhitaji maelezo, na alikuja mwenyewe ofisini kuomba nakala safi ya cheti cha ubatizo ili akamilishe taratibu za RITA. Safari hii hakuwa akitazama viatu. Tulimwandikia tarehe ileile aliyozaliwa, tukagonga muhuri.

Kristo, aliyekua katika hekima na kimo nyumbani Nazareti, awalinde vijana wetu walioko viwanjani na walioko mpakani, na atufundishe sisi watu wazima kubeba gharama za subira tunayowadai.